Pasta, Hii Kazi Inakutosheleza?

 Ni asubuhi ya Alhamisi hapa Uthiru. Mvua imenyesha usiku kucha na matope ni mengi, lakini Mungu ni mwema. Chukua chai yako ukae nami kidogo. Leo neno langu ni refu kuliko siku nyingine, kwa sababu kuna mtu anangojea jibu, na jibu hilo linagusa maisha ya nyumba nzima.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, tulipomaliza kupanga viti, kijana mmoja wa kanisa letu alinisindikiza hadi barabara ya Naivasha. Ni kijana mwaminifu. Anafanya kazi katika ofisi moja huko Westlands, ameoa juzi juzi tu, na mke wake anakaribia kujifungua. Tulipofika steji akatoa bahasha iliyokuwa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Alitaka niiombee kabla ya kuipeleka Jumatatu.

Nikamuuliza, "Unaacha kazi uende wapi?"

Akasema, "Nataka kuingia kwenye huduma, Pasta. Nikiwa ofisini ninajisikia mtupu. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia, lakini ndani yangu hakuna kitu. Halafu nikikuangalia Jumapili ukiwa pale mbele, naona mtu aliyeshiba. Niambie ukweli, hii kazi inakutosheleza?"

Matatu tatu za Kawangware zilipita nikiwa sijamjibu. Mwishowe nikamwambia, "Barua irudishe ndani ya Biblia. Nipe hadi Alhamisi." Amenipa ruhusa nimjibu hapa mbele yenu nyote, kwa maana hayuko peke yake. Wako vijana wengi, na hata watu wazima, wanaobeba barua kama hiyo moyoni.

Basi sikiliza, mwanangu. Jibu langu ni ndiyo. Kazi hii inanitosheleza. Nikizaliwa mara ya pili nitamwomba Mungu anirudishie kondoo hawa hawa, hapa hapa Uthiru. Lakini shibe uliyoiona kwangu hukuiona mahali inapotoka. Na kama utaacha kazi ukiifuata pale mbele ulikoniona, utakufa njaa, na kabla hujafa utakuwa umewala watu wa Mungu. Maneno hayo ni mazito, najua. Nipe nafasi niyaeleze.

JUMAPILI NILIYOKUWA NA NJAA

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na ibada ya shukrani ya mwaka. Tuliweka hema nje kwa sababu ukumbi haukutosha. Wageni walitoka Kangemi, Kinoo, Kawangware na mpaka Kikuyu. Kikundi cha kusifu kilifanya mazoezi kwa mwezi mzima. Nilihubiri siku hiyo na nikahisi upako kweli kweli. Watu walilia, watu walipiga magoti, watu walinishika mkono mpaka jioni.

Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni, nikawa mtupu kama debe. Mke wangu akaniuliza, "Siku ilikuwa nzuri, sivyo?" Nikaanza kumwambia kwamba spika ilikoroma katikati ya mahubiri, kwamba watu fulani waliondoka kabla ya sadaka, na kwamba safu mbili za nyuma kwenye hema zilibaki wazi. Akanisikiliza, akakoroga uji wa mtoto, halafu akasema, "Baba, umeniambia habari za viti vilivyobaki wazi. Hujaniambia hata jina moja la mtu aliyekaa kwenye vile vingine."

Nilinyamaza. Lakini hilo halikuwa baya zaidi siku hiyo.

Jumamosi usiku, nikiwa ninatayarisha mahubiri, simu yangu ilionyesha mara tatu jina la mama mmoja wa kanisani. Ni mama mboga, mjane, asiyekosa kesha hata moja. Niliona jina lake. Nikasema moyoni, nitampigia Jumatatu, sasa niko na Neno. Jumatatu ndipo nilipojua kwamba mtoto wake alikuwa amelazwa akishindwa kupumua, na mama alikaa usiku kucha kwenye benchi la hospitali bila mtu wa kushika mkono wake. Mtoto alipona, Mungu apewe sifa. Nilipokwenda kumwomba msamaha aliniambia kwa upole, "Usijali, Pasta. Nilijua uko na kazi ya Mungu."

Mpendwa, neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana mbele ya kanisa lote. Kazi ya Mungu ilikuwa imenipigia simu mara tatu, nami nikaizima ili nijitayarishe kung'aa.

Katika Luka 10 tunasoma jinsi wanafunzi wale aliowatuma Bwana walivyorudi wakiruka kwa furaha, kwa sababu hata pepo waliwatii. Huduma ilikuwa imejibu. Takwimu zilikuwa nzuri. Yesu hakuwakemea kwa kufurahi, lakini aliihamisha furaha yao. Aliwaambia wasiiweke juu ya pepo kuwatii, bali waiweke juu ya hili, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Maana yake ni nini? Mtumishi ameshashiba kabla hajatumwa. Anakwenda kwa watu akitoka mezani. Haendi kwa watu kutafuta meza.

Mimi Jumapili ile nilikwenda kwa watu nikitafuta meza. Nilitaka viti vinilishe. Na hakuna hema lenye viti vya kutosha kumshibisha mchungaji mwenye njaa ya namna hiyo.

MCHUNGAJI MWENYE NJAA HULA KONDOO

Unaweza kusema, "Pasta, hayo ni mambo ya ndani ya moyo wako, yanatuhusu nini?" Yanakuhusu sana.

Mwaka wa 2023 sisi Wakenya wote tulikaa mbele ya televisheni tukitazama msitu wa Shakahola, kule Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Akina mama, akina baba, watoto wadogo. Watu waliokuwa wamemtafuta Mungu. Wiki hizo nilipokuwa nikitembea hapa mtaani na Biblia mkononi, nilihisi macho ya watu mgongoni. Mwanamume mmoja kwenye kibanda cha chai aliniuliza waziwazi, "Na wewe wa kwenu unawaambia wafunge mpaka lini?" Sikukasirika. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Mambo ya kesi nawaachia mahakama. Lakini sisi wachungaji tujihubirie wenyewe. Ezekieli 34 iko kwenye Biblia zetu miaka yote hii. Bwana analia juu ya wachungaji waliojilisha wenyewe, wakala mafuta na kuvaa manyoya, na kondoo wakatawanyika. Shakahola ni mwisho wa barabara, lakini barabara yenyewe ina mwanzo, na mwanzo wake unaweza kuwa mdogo sana. Mwanzo wake ni mchungaji anayehitaji kutiiwa ili ajisikie mtu. Anayehitaji kuitwa "Baba" ili alale usingizi. Anayeumia mshirika akihamia kanisa jingine, si kwa sababu ya roho ya mshirika yule, bali kwa sababu amepungukiwa. Huyo hajaua mtu. Lakini ameanza kula.

Ndiyo maana nilishtuka uliposema, mwanangu, kwamba unataka huduma kwa sababu unajisikia mtupu. Utupu wako haujanishtua. Mungu hujaza vyombo vitupu. Kilichonishtua ni mahali unapotaka kwenda kuujaza. Mtu mtupu akipewa kondoo mia moja, atawafanya chakula. Atawapenda sana, jinsi mtu anavyopenda nyama.

MLANGO ULIPOFUNGWA

Sasa nikuambie ni wapi nilipoijua shibe.

Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya. Kabla mwezi haujaisha makanisa yalikuwa yamefungwa, na kafyu ikawekwa, saa moja jioni uwe ndani ya nyumba. Mazishi yakawa ya watu 15 tu. Mimi, mhubiri wa miaka yote hiyo, nikabaki sina mimbari, sina kikundi cha kusifu, sina safu ya mbele wala ya nyuma. Nilihubiri kwa simu niliyoiegemeza kwenye mkebe wa kakao. Watu kumi na mmoja walitazama, na mmoja wao alikuwa mke wangu akiwa chumba cha pili.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mgonjwa wa roho. Niligundua kwamba sikujua mimi ni nani bila kipaza sauti. Nikaanza kuamka alfajiri, kwa maana sikuwa na usingizi, nikawa nasoma Zaburi polepole bila kutafuta mahubiri ndani yake. Hakukuwa na Jumapili ya kutayarishia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusoma Biblia kama mtoto anayekula, badala ya mpishi anayepikia wageni. Hapo ndipo Mungu alianza kunilisha tena. Aliniambia kwamba ananipenda hata nikiwa na watazamaji kumi na mmoja. Nililia kama mtoto.

Halafu nikaanza kutembea. Nilivaa barakoa, nikachukua daftari la washirika, nikapita nyumba kwa nyumba, nikisimama mlangoni. Wengine walikuwa mafundi wa mjengo, na mijengo ilikuwa imesimama. Wengine walikuwa wa hoteli, na hoteli zilikuwa zimefungwa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi. Shule zimefungwa, mshahara hakuna, na kwa wiki nzima alikuwa hashiki simu yangu. Nikaambiwa yuko kando ya barabara, mbali kidogo na nyumbani kwake, anauza mayai ya kuchemsha.

Nikamtafuta, nikampata. Aliponiona aliangalia chini. Nilinunua yai, nikatiwa kachumbari, nikala nimesimama. Nikanunua la pili. Kisha sikuondoka. Nilikaa kwenye jiwe kando yake, tukaongea habari za mpira, habari za mahindi ya kwao, habari za mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa mtundu. Wateja walipokuja wengi nilimenya mayai. Hatukufungua Biblia. Sikutoa unabii. Jua lilipoanza kushuka alifunga ndoo yake, akaniambia, "Pasta, wewe ni mtu wa kwanza kunijua hapa bila kujifanya hujaniona."

Tukaomba pale pale, macho wazi kwa sababu ya magari, sentensi tatu nne. Halafu nikakimbilia nyumbani kabla ya kafyu. Nilipokuwa nikipanda ile njia ya kwetu, nikasikia mtu anaimba. Nikagundua ni mimi.

Hakuna aliyenirekodi. Hakuna sadaka iliyotolewa. Hakuna aliyeokoka saa ile. Lakini nilifika nyumbani nimeshiba, mke wangu akaniangalia akauliza, "Umekula wapi?" Nikamwambia, "Mayai mawili." Akacheka, lakini alijua.

Hiyo ndiyo shibe unayoiona kwangu Jumapili, mwanangu. Inatoka kwenye mambo mawili tu: asubuhi ambayo Mungu amenilisha bila mtu kujua, na jioni ambayo nimekaa na mmoja wa kondoo wake bila kutaka kitu kutoka kwake. Mimbari ni mahali inapoonekana. Haipikwi pale.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba hakuwapa Injili tu, aliwapa na nafsi yake, kwa kuwa walikuwa wamekuwa wapenzi wake. Na katika barua hiyo hiyo anawaita furaha yake na taji yake. Angalia mpangilio wake. Kwanza ametoa nafsi. Taji imekuja baadaye, imemkuta akiwa kazini.

TULIANZA HIVYO HAPA KWETU

Mtu asikudanganye kwamba haya ni mawazo mapya. Hapa tunapokaa, Uthiru na Kabete, tumekanyaga udongo wenye historia.

Mwaka wa 1929, daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka kabisa. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga Rwanda, kazi ilikuwa imemlemea, na roho yake ilikuwa imekauka. Mtumishi alikuwa ameishiwa. Huko Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye alikuwa akimtafuta Mungu kwa kiu hiyo hiyo. Wakakaa pamoja siku mbili, Biblia wazi, wakiomba wajazwe Roho Mtakatifu. Hawakuwa wachungaji. Mmoja daktari, mwenzake alikuwa amefanya kazi ya serikali katika idara ya afya.

Kutokana na kiu ya watu kama hao ulitoka ule Uamsho wa Afrika Mashariki. Kufikia mwaka wa 1937 kikundi cha ndugu kutoka Rwanda na Uganda kilikuwa kimefika hapa Kabete. Mwaka wa 1949 mkutano mkubwa ukafanyika Kabete tena, maelfu wakaja. Na wale ndugu walijulikana kwa nini? Walijulikana kwa kukiri dhambi zao wao kwanza. Mtu alirudisha alichoiba. Mtu alikwenda kumtafuta jirani aliyemkosea. Waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma waliitana ndugu. Wakati wa vita vya Mau Mau wengi wao walikataa kiapo na wakakataa pia kushika bunduki, na wapo waliolipa kwa damu yao.

Sisi Wapentekoste tunapenda kusema habari za moto. Amina, na mimi naupenda moto. Lakini ule moto uliofika mpaka Kabete uliwashwa na watu wawili waliokubali kwamba wamekauka, wakaenda kwa Mungu na ukavu wao, badala ya kwenda kwa umati.

NA MAMBO YA PESA JE?

Najua kuna anayesema, "Pasta anaongea vizuri kwa sababu sadaka inaingia." Tuseme ukweli. Miaka tisa ya kwanza ya huduma yangu niliuza misumari, saruji na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi. Jumatatu hadi Ijumaa saruji, Jumamosi mazishi na arusi, Jumapili mimbari. Paulo alishona mahema, Matendo 18 inasema, na hakuna aliyempunguzia utume. Wapo wachungaji wengi hapa kati ya Kangemi na Kinoo wanaofundisha shule, wanaoendesha bodaboda, wanaoshona nguo. Msiwadharau. Wengine wao ni wachungaji kuniliko mimi.

Na nyinyi washirika, nanyi sikieni. Kuna watu wakisikia mchungaji ana furaha katika kazi yake wanafikiri furaha hiyo inatosha. Furaha ya mchungaji hailipi karo. Maandiko yanasema wazi, katika 1 Wakorintho 9, kwamba anayeihubiri Injili ana haki ya kupata riziki katika Injili. Kanisa linaloimba "tunakupenda Pasta" huku watoto wa Pasta wamefukuzwa shule kwa sababu ya karo, kanisa hilo lina wimbo tu. Mtunzeni mchungaji wenu kwa kiasi, kwa uwazi, kwa hesabu zinazosomwa mbele ya watu. Asiwe tajiri kuwapita, asiwe ombaomba mbele yenu.

Pia nakiri jambo moja. Kuna wakati niliita "huduma" kitu ambacho kilikuwa ni kumkimbia mke wangu na watoto. Huko nje nilikuwa mtumishi, nyumbani nilikuwa mtu wa kawaida aliyesahau kununua unga. Sasa Jumatatu ni yao. Mtu akifariki nitakuja, akiugua sana nitakuja. Lakini mambo ya mabango na kamati yatangoje Jumanne. Kondoo wa kwanza niliopewa wanalala chini ya paa langu.

JIBU LANGU KWAKO

Basi, mwanangu, hili ndilo jibu langu. Mkeo naye alisome pamoja nawe.

Barua iweke kwenye droo kwa mwaka mmoja. Kama Mungu amekuita, wito hautaoza. Daudi alipakwa mafuta akarudi kuchunga kondoo, na miaka ikapita kabla ya kiti cha enzi. Mtoto wenu azaliwe akiwa na bima na kodi ya nyumba iliyolipwa.

Ofisini kwako usikudharau. Wakolosai 3 inatuambia kazi yoyote tuifanye kwa moyo kana kwamba tunamfanyia Bwana. Kama huwezi kumwona Mungu kati ya wenzako kumi wa ofisini, kuna nini kitakachokufanya umwone kati ya washirika mia mbili? Kuna mtu pale ofisini anayekula chakula cha mchana peke yake. Anza na huyo.

Kila siku mwendee Mungu bila ajenda. Usimwendee kutafuta ujumbe, wala kutafuta cheo. Mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi pale steji, "Ninajisikia mtupu." Mimi siwezi kukujaza. Kanisa haliwezi. Mtoto wako anayekuja hawezi, na usimbebeshe mzigo huo. Yeye aliyekuumba anaweza.

Halafu nitakupa familia tatu. Nimeshazichagua. Moja ni ya mzee anayeishi peke yake kule ndani, ambaye amesahau majina ya watu na atakuuliza lako kila ukienda. Nyingine ni ya kijana aliyetoka rumande, na mama yake hajui aongee naye vipi. Ya tatu ni yule mama mboga mjane niliyemkosea. Utawatembelea kwa mwaka mmoja. Hutatangazwa kanisani. Hutapewa cheo, hutapewa kipaza sauti, na hutaweka picha mtandaoni. Wakikupigia usiku utashika simu.

Mwaka ukiisha tutakaa chini, mimi, wewe, mkeo na wazee wa kanisa. Nitakuuliza swali moja tu: siku ulipotoka kwa yule mzee naye amesahau jina lako kwa mara ya arobaini, ulirudi nyumbani ukiwa na nini moyoni? Kama utaniambia ulirudi ukiimba, mimi mwenyewe nitakutafutia chuo cha Biblia, na barua yako tutaiombea pamoja. Na kama utaniambia ulirudi ukiwa na hasira kwa sababu hakuna aliyekuona, basi Mungu atakuwa amekuokoa, na amewaokoa watu wengi usiowajua bado.

Na wewe mchungaji mwenzangu unayesoma haya ukiwa umechoka, labda na wewe una barua yako, ya kuacha huduma. Sikuhukumu. Musa alimwambia Mungu kwamba mzigo wa watu hawa umemshinda, na afadhali afe. Eliya alilala chini ya mti akaomba roho yake ichukuliwe. Mungu hakumtumia Eliya mahubiri ya kumtia moyo. Alimtumia mkate wa moto na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Lala, ndugu yangu. Kula. Mpigie mtu simu. Halafu kesho usiende kanisani kwanza. Nenda kakae na mmoja wao, mahali ambapo hakuna jukwaa. Huenda utasikia mtu anaimba njiani.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, tunakuletea utupu wetu. Tusamehe pale tulipowafanya watu wako kuwa chakula chetu. Mkumbuke kijana huyu na mke wake na mtoto anayekuja. Wakumbuke wachungaji wanaohudumu bila kuonekana. Tushibishe asubuhi kwa fadhili zako, ili tuweze kuwaendea watu wako tukiwa tumeshakula. Amina.

Kama Neno hili limekugusa, usiniandikie mimi kwanza. Kuna mtu aliyekupigia simu wiki hii na hukushika. Mpigie.

Mungu akubariki sana. Tukutane Jumapili, akipenda Bwana.